Nyota za Daftari la Kwedizinga

Wanangu, wiki iliyopita nilipita ofisini kwetu pale Chanika, Handeni, kuwasalimia. Nimeshastaafu, lakini mlinzi bado ananifungulia geti kabla sijabisha hodi, na hilo linanipendeza sana, sifichi. Mkanipokea vizuri. Shikamoo mama, karibu mama, kaa hapa mama. Chai ikaja na maandazi. Halafu mmoja wenu, jina lake namhifadhia, akanigeuzia skrini akasema kwa furaha, "Mama, cheki, siku hizi tunasafisha majina yote kwa amri moja tu. Nyota, vistari, mabano, vyote tunapiga chini. Fasta, hakuna stresi."

Nikamwambia hongera. Nikamaliza chai yangu, nikaaga. Lakini nilipofika nyumbani lile andazi lilikuwa bado limenikaa kooni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Someni taratibu. Na mkiona najisifu humu ndani, jueni kweli najisifu, wala siombi radhi.

Kazi yangu, kwa wasionijua, ilikuwa kuhamisha kumbukumbu. Vijiji vina madaftari na fomu, sisi tunazipiga picha, tunaziingiza kwenye kompyuta, tunazigeuza ziwe nyaraka zinazoweza kutafutwa na kuchapwa. Mtu mmoja hawezi kugeuza picha elfu kwa mkono, kwa hiyo unaandika amri chache kwenye lile dirisha jeusi, na kompyuta inazirudia kwa kila jina lililo kwenye orodha. Inaonekana kazi ya kukaa tu. Nami nilikaa, miaka na miaka, mpaka kiti kikachukua umbo langu.

Nilianzia Korogwe, nikiwa mpiga taipu. Aliyenifundisha dirisha jeusi ni Mzee Elia, Msambaa wa milimani Lushoto, fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya kule. Alivaa sweta joto lolote liwalo. Korogwe yote inatokwa jasho, yeye yumo ndani ya sweta la kijani anakunywa chai ya moto. Alikuwa mpole, lakini ukikosea alikuwa anakutazama tu bila kusema, na kutazamwa kule kulikuwa kubaya kuliko kugombezwa.

"Hadija," aliniambia siku ya kwanza, "kompyuta haina akili hata ya kuku. Ina utii tu. Ukiiambia jambo la kijinga, italitekeleza vizuri sana."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa mwezi haujaisha. Tulikuwa na folda mbili, moja inaitwa Misima, nyingine Misima Juu. Hiyo ya Misima Juu ilikuwa imeingizwa mara mbili, nikatumwa nifute nakala iliyozidi. Nikaandika amri ya kufuta, nikaandika Misima Juu, nikabonyeza. Kompyuta ikanijibu kwamba haimjui huyo Juu. Nikashangaa. Nikafungua kutazama, Misima Juu ipo palepale imetulia. Ila Misima, ile yenyewe, haipo.

Jamani! Nikamwita Mzee Elia.

Mzee Elia akaja, akatazama, akanitazama. Nakala ya asubuhi ilikuwepo kwenye diski, kwa hiyo hakuna kilichopotea isipokuwa heshima yangu. Akavuta kiti. "Nikisimama mlangoni nikaita Hadija binti Omari, watageuka watu wangapi?"

"Mmoja, mzee."

"Kompyuta inasikia watatu. Kila inapokuta nafasi kati ya maneno, inadhani jina limeisha na jingine limeanza. Wewe umeiambia ifute vitu viwili: Misima, na Juu. Cha kwanza imekiona, ikakifuta. Cha pili haikukiona, ikakwambia. Umeikosea, haijakukosea."

Kisha akanionyesha alama za mtajo, zile tunazofungulia na kufungia maneno ya mtu tunapoandika hadithi. Chochote kilicho katikati yake, kompyuta inakishika kama kitu kimoja, na nafasi zake zote. "Jina la mtu," akasema, "lifungwe kabla halijakabidhiwa amri. Kila mara. Hata kama ni jina la neno moja. Maana leo orodha ina Juma, kesho ina Juma Kubwa."

Akaniongezea jingine, na hili ndilo wengi wenu mnalisahau. Kwenye programu hatuandiki jina la kila mtu. Tunaandika neno moja la kusimama badala yao, tuseme $jina, na kompyuta inaweka hapo Asha, halafu Bakari, halafu Chiku, kwa zamu. Basi mtu anadhani kwa kuwa yeye ameandika neno moja, kompyuta nayo itaona moja. Wapi! Inalifungua kwanza, inamwaga kilichomo, ndipo inasoma. Kwa hiyo hata $jina lenyewe linafungwa kwa alama hizo, mbele na nyuma.

Nilishika hilo nikalishika kweli. Nikahamishiwa Handeni, nikapewa chumba changu pale Chanika, na vituko vikaendelea kunifundisha. Kijiji kimoja karani wao alikuwa anaweka kistari mbele ya jina la marehemu. Heshima yake kwa waliotangulia, sawa. Kompyuta ikiona kistari mwanzoni inadhani ni agizo, siyo jina, inakataa kazi na kulalamika. Marehemu mmoja alinisimamishia kazi asubuhi nzima. Nikajifunza kuandika vistari viwili vitupu kabla ya jina, maana yake: maagizo yangu yameishia hapa, yanayofuata ni majina ya watu, yaheshimu. Kijiji kingine nikafunga majina kwa alama moja-moja za mtajo badala ya mbili-mbili, nikijiona mjanja, mpaka akatokea mtu anaitwa Mang'ula. Ile alama iliyo katikati ya jina lake ikafungua mlango nilioufunga, na amri yote ikaparaganyika. Nilicheka peke yangu chumbani. Tangu hapo sikubandika jina la mtu ndani ya amri kwa mkono tena. Amri naiandika peke yake, jina nalipitisha peke yake, limefungwa.

Kwa hiyo mnaona, mpaka hapo nilikuwa fundi. Nilijua hivyo, na ofisi nzima ilijua. Ndipo nikaenda kuharibu Kwedizinga.

Kwedizinga ilikuwa kazi ya fomu za mipaka ya mashamba. Kila shamba lina fomu yake: jina la mwenye shamba, mchoro wa mipaka, na dole gumba la kila jirani, wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto. Aliyesimamia kazi ile kijijini ni Mwalimu Salehe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa mwandiko wa kupendeza. Sasa Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Majirani wengine huwa hawaji siku ya kupimwa, wanatuma mtoto au wanasema watatia dole baadaye. Lakini shamba ambalo majirani wote wanne walifika wenyewe, wakasimama mpakani, wakatia dole siku ileile, Mwalimu alilipa nyota. Nyota nyekundu, kwenye daftari, mwishoni mwa jina. Alivyokuwa akiwapa darasa la pili wakipata hesabu zote, ndivyo alivyowapa wenye mashamba.

Msimcheke. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanawabembeleza majirani waje mapema, ili wapate nyota.

Tulipokwenda kuhamisha, Mwalimu aliiandika orodha mwenyewe kwenye kompyuta yetu ndogo, kidole kimoja kimoja, na nyota zake akaziweka vilevile zilivyokuwa, mwishoni, mbali kidogo na jina. Fomu tukazipiga picha, pamoja na ukurasa wa kwanza wa daftari. Kurasa nyingine za daftari hatukuzipiga, tukasema orodha si imeshaandikwa. Baada ya hapo zikaja mvua za masika, paa la ofisi ya kijiji likavuja juu ya kabati lenyewe, na kilichosalia mchwa wakamaliza. Fomu na daftari, vyote vikawa uji. Kilichobaki cha mipaka ya Kwedizinga ni picha zetu na ile orodha.

Na katika orodha ile, karibu na mwisho, alikuwepo Bibi Mwanaidi.

Bibi Mwanaidi alikuja Chanika mwenyewe, na mkongojo wake, siku ya Ijumaa. Alinisalimia kwa Kizigua, nikamwitikia, nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha. Mumewe alikuwa amefariki, na Shabani, mtoto wa shemeji yake, alikuwa amekwenda baraza la kata kudai kwamba nusu ya chini ya shamba, ile yenye maji karibu, ni ya baba yake. Shauri lilikuwa linasikilizwa Alhamisi inayofuata.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeambiwa karatasi zimekufa kule, ila wewe unazo hapa. Fomu yangu ipo?"

"Ipo, bibi. Alhamisi utakuwa nayo mkononi."

"Sina pengine pa kulima. Na mgongo huu sina nguvu ya kufyeka pori jipya."

"Nimesema ipo, bibi. Nenda ukapumzike."

Nilisema hivyo kwa kifua mbele kabisa. Picha zote, zilizokaa kwenye kadi ya kamera tangu kabla ya mvua, nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta yangu asubuhi ileile. Nilichobakiza ni kuzigeuza.

Jumatatu asubuhi nikaandika programu. Mistari miwili ya maana. Wa kwanza unachukua picha ya fomu, unainyoosha na kuing'arisha, unaweka nakala yenye jina la mwenye shamba. Wa pili unaigeuza nakala ile kuwa nyaraka, na chini ya ukurasa unachapa jina kama lilivyo kwenye orodha. Yote miwili nikafunga $jina sawasawa, alama mbele, alama nyuma. Nikaijaribu kwa majina matatu ya mwanzo, ikapita. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaona zile nakala za kazi zinajazana bila sababu, nikaongeza mstari wa tatu wa kufuta kila nakala ikishamaliza kutumika. Nitauandika muuone, muuchukie kama ninavyouchukia mimi:

rm -f $jina.jpg

Hiyo rm ni amri ya kufuta, na .jpg ni mkia wa jina la kila picha. Hauna alama mbele, hauna alama nyuma. Na hiyo -f maana yake ni kwamba futa, na usinisumbue kwa malalamiko. Nilikuwa nimeiziba kompyuta mdomo kabla haijapata neno la kusema. Tena nilikuwa nafanyia kazi ndani ya folda ileile yenye picha za asili. Mzee Elia alinifundisha kwamba mstari wa kufuta unauandika kwanza kama mstari wa kusema: kompyuta ikutajie itakachofuta, usome kwa macho yako, ndipo uiruhusu. Nilikuwa nafanya hivyo siku zote. Siku ile sikufanya, kwa sababu nilikuwa fundi, na fundi alikuwa amekunywa chai.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Majina ya maneno mawili-mawili, kompyuta inatafuta picha inayoitwa Athumani, haipo, inatafuta picha inayoitwa Kilua.jpg, haipo, inanyamaza kama ilivyoagizwa. Nyaraka zinatoka, mimi nafurahi. Ikafika kwa mtu wa kwanza mwenye nyota.

Nyota, wanangu, kwenye dirisha jeusi maana yake ni "vyote". Jina lisipofungwa, kompyuta inaiona nyota imesimama peke yake mbele ya .jpg, inasoma: futa picha zote zilizomo humu. Ikatii. Mpaka nashtuka kwamba nyaraka zimeacha kutoka, folda nzima ilikuwa nyeupe. Nyaraka za mwanzo zipo. Picha za waliobaki, zaidi ya nusu ya kijiji, hakuna. Bibi Mwanaidi, karibu na mwisho wa orodha, hakuna.

Mwe! Sikulia, ila nilikaa nimeshika mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe: nimesema ipo, bibi, nenda ukapumzike. Nakala ya diski ilikuwa bado haijachukuliwa, maana ilichukuliwa kila Jumatatu jioni, na picha ziliingia Ijumaa. Nikampigia Mzee Elia Korogwe. Nikamweleza yote, na mstari wenyewe nikamsomea, herufi kwa herufi. Wallahi niliona anavyonitazama, kwenye simu hivyohivyo.

"Kadi ya kamera iko wapi?" akauliza.

Kadi ya kamera nilikuwa nimeirudisha Ijumaa kwa Mwalimu Salehe, ambaye sasa alikuwa anatusaidia kupiga picha vijiji vingine, na maagizo niliyatoa mimi mwenyewe: ifute yote, uende nayo Misima Jumatatu kuanza fomu za mipaka za huko. Na hiyo ndiyo ilikuwa Jumatatu. Nikampigia Mwalimu. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Nikatoka nje nikaita bodaboda. Sitawasimulia vumbi la ile njia, wala jinsi nilivyomshikilia yule dereva mpaka akaniambia, "Mama, unaniminya mbavu." Nilikuwa napiga hesabu moja tu kichwani: kama Mwalimu ameshaondoka, ameshafuta. Ni mtu wa kufuata maagizo yule, aliwahi kufundisha.

Nikamkuta nyumbani kwake Kwedizinga, amekaa na ile kompyuta yetu ndogo mapajani, miwani puani. Nikasahau hata kuamkia.

"Mwalimu, kadi! Umeshaifuta?"

Akanitazama juu ya miwani. "Shikamoo huwa haina kazi siku hizi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Umeifuta?"

"Marahaba. Sijaifuta."

"Lakini nilikwambia uifute!"

"Uliniambia. Mimi nimefundisha darasa la pili miaka mingi, Hadija. Sijawahi kufuta ubao kabla sijapita dawati kwa dawati nione kila mtoto amenakili. Wewe uliniambia umenakili, ila daftari lako sijaliona. Nilikuwa nangoja unionyeshe."

Nikakaa chini pale pale, kwenye mchanga, na gauni langu la ofisini. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Mkewe Mwalimu akatoka na maji ya kunywa akidhani nimeletewa habari ya msiba.

Sasa mngedhani hadithi imeisha. Bado, maana nilirudi Chanika na kadi kifuani nikamkuta meneja wetu mlangoni. Mtu mzuri, ila ana haraka. Nilimweleza nilichofanya, sikumficha, na yeye akatoa dawa yake papo hapo: "Tatizo ni hizi alama. Nyota, vistari, mabano, za nini? Fungua orodha uzifute zote, zibaki herufi tupu. Na ile ya zamani itupe, tusiwe na orodha mbili zinazogombana. Kesho unamaliza."

Ndiyo dawa yenu hiyohiyo, wanangu. Na ni kweli ingefanya kazi. Bila nyota hakuna ajali ya nyota.

Nikamwambia, "Bosi, alama hazina kosa. Kosa ni langu, sikufunga jina."

"Hadija, jana tu hukuwa unabishana nami."

"Jana sikuwa nimefuta picha za kijiji. Sisi ni wahamishaji, si wahariri. Mtu akinipa mzigo niuhamishe, sifungui kutoa nisichokijua. Mwalimu aliweka nyota kwa sababu, na mimi sina ruhusa ya kumvua mtu nyota yake kwa sababu programu yangu ni dhaifu. Nipe mpaka Jumatano jioni. Ikishindikana, uzifute wewe kwa mkono wako."

Akanitazama kama mtu anayepima kama hii ni jeuri au ni kazi. Nadhani vilikuwa vyote viwili. Akasema, "Jumatano."

Jumanne na Jumatano nilifanya kazi kama mpiga taipu mpya. Picha za asili nikaziweka folda yake, nikaifunga isiandikwe wala isifutwe. Kazi ikafanyika folda nyingine. Mstari wa tatu ukawa hivi:

rm -- "$jina.jpg"

Mnaona? Jina limefungwa, vistari viwili vimetangulia kwa ajili ya marehemu, na kizibo cha mdomo nimekiondoa, ili ikitokea shida nisikie. Kisha nikatengeneza orodha ndogo ya watukutu wangu: mwenye nafasi mbili katikati ya jina, mwenye kistari mbele, Mang'ula, mwenye mabano, mwenye nyota. Kila jina nikaiambia kompyuta ilichape ndani ya mabano ya mraba nione linaanzia wapi na linaishia wapi. Mstari wa kufuta ukatangulia kusema tu. Nikasoma wote kwa kidole juu ya skrini. Watukutu wote wakapita, ndipo nikawaruhusu watu wa Kwedizinga.

Zikatoka zote. Nikazihesabu, nikalinganisha na orodha, haikupungua hata moja, na kila jina limechapwa chini ya ukurasa kama Mwalimu alivyoliandika. Jumatano alasiri nikaziweka mezani kwa meneja. Akafunua, akafunua, akasema "Haya." Kwa yule bwana hilo lilikuwa pongezi kubwa.

Alhamisi nikaenda baraza la kata, maana walitaka mtu wa kueleza karatasi imetoka wapi. Shabani alikuwa amejiandaa. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja makini, aliishika fomu akaigeuza kwenye mwanga. Na hapo nikaona kile ambacho nilikuwa sijakitazama, nikiwa nimeshughulika na majina. Madole yalikuwa matatu. La nne, la jirani wa chini, upande wa maji, lilikuwa limefifia kwenye karatasi hata kabla ya kupigwa picha. Palikuwa na kiwingu cha wino tu.

"Mnaona wenyewe," Shabani akasema. "Upande wa chini hakuna jirani aliyekubali. Na upande huo ndio ninaodai."

Jirani yule wa chini alikuwa ameshafariki. Mwalimu Salehe akasimama kusema alimwona, Shabani akamrukia, "Mwalimu ni jirani yake, atasema lolote!" Watu wakaanza kuguna. Bibi Mwanaidi alikuwa ameinamia mkongojo wake.

Mwenyekiti akashusha macho mpaka chini ya ukurasa. "Hapa kwenye jina pana nyota. Ya nini?"

Nikasimama. Nikamwambia mheshimiwa, nyota hiyo sikuiweka mimi. Ilikuwa kwenye daftari la kijiji, ikaja kwenye orodha kabla ya mashtaka haya kuwepo, kabla hata marehemu mumewe hajafariki. Kisha nikampa karatasi ya pili, ule ukurasa wa kwanza wa daftari, ambao pia nilikuwa nimeuleta kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kuuacha. Akausoma kwa sauti, mwandiko wa Mwalimu unavyosomeka: nyota ni shamba ambalo majirani wote wanne wamefika wenyewe na kutia dole siku ileile.

Akarudia, polepole. "Wote wanne. Wenyewe." Akamtazama Shabani. "Huyu wa chini alikuwepo."

Baraza halikuchukua muda. Shamba likabaki kwa bibi, juu na chini.

Watu walipotoka, Bibi Mwanaidi aliniita. Aliniomba karatasi, nikampa. Hajui kusoma, alikuwa akiniambia hivyo tangu Ijumaa bila haya. Akaikaribisha karatasi machoni, akapitisha kidole juu ya mchoro wa shamba lake, akapita madole matatu, akapita kiwingu cha wino, akashuka chini mpaka kwenye jina. Kidole kikasimama kwenye nyota.

"Hii naijua," akasema. "Hii Mwalimu alituwekea siku ile, mume wangu akachinja kuku, tukala na majirani wote wanne. Na yule wa chini ndiye aliyekula paja." Akacheka peke yake, akaufunga ule ukurasa kwenye ncha ya khanga yake, mafundo mawili, akayavuta kuhakikisha yamekaza.